Mchezaji Naye Apewe Zamu ya Kutega

Sisi tuliolelewa na mabibi waliojua kusimulia tunaikumbuka sheria moja ya vitendawili ambayo haikuandikwa mahali popote. Bibi akisema, "Kitendawili!" wajukuu tuliitikia kwa pamoja, "Tega!" Tukishindwa kutegua tulimpa mji, naye akauzunguka mji huo kwa maneno, akala, akanywa, kisha ndipo akatupa jibu. Lakini mmoja wetu akitegua, zamu iligeuka. Aliyetegewa akawa mtegaji, na bibi, pamoja na mvi zake zote, akalazimika kuketi na kufikiri kama sisi. Hakuna mtoto aliyekaa jioni nzima akitegewa tu. Angalifanyiwa hivyo angalisinzia, au angaliondoka akidhani kwamba akili ni mali ya wakubwa.

Leo nataka kuitumia sheria hiyo kupimia jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi ya walimu wenzangu, maana wanajua kwamba mimi si shabiki wa michezo ya tarakilishi. Jambo lenyewe ni ile michezo ya bunilizi za kisayansi ambamo mchezaji hushika bunduki ya ajabu na kupambana na viumbe kutoka sayari nyingine. Vijana wetu huicheza katika mabanda ya mitaani kwa malipo ya dakika, na wale wenye uwezo huicheza nyumbani. Humo mchezaji hupewa misheni, yaani kazi aliyotumwa: fungua lango lile, mwokoe mwanasayansi yule, uzime mtambo kabla haujalipuka. Akiimaliza hupewa nyingine. Akizimaliza zote, mara nyingi hana la kufanya ila kutafuta mchezo mwingine. Kwa maneno mengine, anategewa tangu asubuhi hadi usiku wa manane, na zamu yake haifiki.

Natoa pendekezo, basi, kwamba watungaji wa michezo ya aina hiyo, hasa chipukizi wa hapa Kenya, wasiutoe mchezo wowote bila kuuambatanisha na karakana ya misheni. Kwa jina hilo nakusudia programu ambayo kwayo mchezaji mwenyewe ataweza kuchora uwanja, kuwapanga maadui, kuandika maagizo na kuweka masharti ya ushindi, kisha ampe mwenzake acheze. Na kwa walimu nina pendekezo la pili: karakana hiyo ikija, tuipokee shuleni kama tunavyoipokea tamthilia iliyotungwa na wanafunzi wetu.

Sikuyafikia mawazo haya kwa kusoma vitabu. Niliyafikia kwa kukosea.

Mwaka juzi, nikiwa katika zamu ya kusimamia masomo ya jioni, nilimkamata mvulana wa kidato cha pili akichora ilhali wenzake wanasoma. Daftari lake la hisabati lilikuwa limejaa, kutoka nyuma kuelekea mbele, michoro ya korido, milango, ngazi na vyumba vilivyotiwa nambari. Palikuwa na mishale. Palikuwa na alama za msalaba, na kando yake maneno "mlinzi" na "mlinzi amelala". Msomaji anajua tulikotoka. Mabweni yameteketea katika nchi hii na watoto wetu wameangamia ndani yake. Mwalimu anayeiona ramani ya majengo na walinzi hawezi kutabasamu akapita. Nilimpeleka kwa naibu wa mwalimu mkuu, na kesho yake asubuhi mvulana akarudishwa nyumbani alete mzazi.

Mama yake alifika siku ya tatu, akiwa bado amejifunga leso ya kazi yake ya sokoni. Alilitazama daftari kwa muda, akamtazama mwanawe, kisha akatuambia, "Walimu wangu, mnisamehe, mimi sijui kuisoma michoro hii. Kwani yeye mwenyewe amesema ni nini?" Swali hilo lilinichoma, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza.

Tulimwuliza. Akaeleza, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti iliyozidi kupanda. Ile haikuwa shule. Ilikuwa makazi ya wanadamu kwenye sayari ya Mirihi, ambako mabomba yamepasuka na kisima kimebaki kimoja. Walinzi walikuwa mashine zisizoona ila zinasikia. Mchezaji anaanza akiwa na bunduki yenye risasi tatu na mtungi mtupu. Kazi yake ni kuchota maji na kuyapeleka kwenye bweni la watoto, akipitia vyumba sita. Akibeba maji mengi anatembea polepole, na maji yakichapuka mtungini yanasikika. Akifyatua risasi moja tu, mashine zote zinaamka. Niliuliza kwa nini alichagua maji, badala ya dhahabu au silaha kama ilivyo kawaida ya michezo hii. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini jua huchomoza. "Kwetu, mwalimu, mimi ndiye huchota," akasema.

Tulimsamehe. Natumia neno hilo kwa aibu, maana hakuwa na kosa zaidi ya kuchora wakati wa kusoma. Nilipomrudishia daftari baadaye, baada ya kukaa nalo usiku mmoja nikilipitia kurasa kwa kurasa, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: "Sasa, mwalimu, hii nitaipeleka wapi?" Mchezo aliokuwa akiucheza bandani siku za Jumamosi haukuwa na mahali pa kuingizia kazi yake. Angekuwa ametunga shairi, ningalimwelekeza kwenye ukurasa wa mashairi gazetini. Angekuwa ametunga mchezo wa kuigiza, ningalimpeleka kwa mlezi wa chama cha drama. Alikuwa ametunga misheni, na misheni haikuwa na pa kwenda.

Nilianza kudadisi, nikagundua kwamba swali la mvulana huyu liliwahi kujibiwa kabla hata hajazaliwa. Mnamo Desemba 1993 kampuni ndogo ya Marekani iitwayo id Software ilitoa mchezo wa Doom, ambao kisa chake kinaanzia katika vituo vya utafiti kwenye miezi ya sayari hiyo hiyo ya Mirihi. Mwaka mmoja kabla yake, kampuni hiyo ilikuwa imetoa Wolfenstein 3D, na wachezaji, bila ya kuombwa wala kuruhusiwa, wakajifunza kuzifumua faili zake na kutia humo ramani na picha zao. Mtu mwingine angaliwashtaki. John Carmack, mwandishi wa injini ya mchezo huo, alichukua njia nyingine. Katika Doom alitenganisha vitu viwili: injini inayouendesha mchezo, na faili zenye ramani, picha na sauti. Aliyetaka misheni mpya aliweza kutunga faili yake na kuitia kwenye mchezo bila ya kuigusa injini. Ilikuwa kama mjenzi anayekuuzia nyumba kisha akakuonyesha ni kuta zipi unazoweza kuzihamisha bila ya paa kuanguka.

Yaliyofuata yanastahili kuwafikirisha wafanyabiashara wetu. Katika mwaka wa 1994 wachezaji wenyewe, wala si kampuni, walitunga programu ya kuhariria ramani za Doom na kuitawanya bure. Kampuni haikuwazuia. Iliwaomba jambo moja, kwamba misheni zao zifanye kazi kwa aliyeununua mchezo tu, si kwa yule aliyechukua ile sehemu ya kwanza iliyotolewa bure. Ombi hilo lilikuwa na hekima, kwa sababu kila misheni mpya iliyotungwa na mchezaji iliwapa wengine sababu ya kununua. Mnamo 1996 kampuni ikatoa Final Doom, mkusanyo wa seti mbili zenye ramani 32 kila moja. Seti moja ilikuwa kazi ya kundi la wachezaji waliokutana kwa njia ya mtandao, na ya pili ilikuwa kazi ya ndugu wawili, Dario na Milo Casali. Waliotegewa walikuwa wamekuwa watega. Zaidi ya miaka 30 imepita tangu mchezo huo utolewe, na watu wangali wanautungia misheni mpya.

Doom haikuwa peke yake. Mwaka huo huo wa 1996 kampuni ya Bungie ilitoa Marathon Infinity, mchezo wa tatu katika mfululizo wake wa bunilizi za kisayansi, na humo ikawapa wanunuzi zana zile zile za kutungia, moja ya kuchora ramani na nyingine ya kurekebisha silaha, viumbe na picha. Mnamo 1998 kampuni ya Valve ilipotoa Half-Life, iliambatanisha programu ya kuchora viwanja. Mwaka uliofuata vijana wawili, Minh Le, ambaye alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada, na Jess Cliffe, waliugeuza mchezo huo wakatunga Counter-Strike. Valve haikuwafukuza. Iliwaajiri, ikainunua kazi yao, na kufikia mwisho wa mwaka 2000 ikawa inauzwa madukani.

Huenda msomaji akauliza, "Hayo yanatuhusu nini sisi?" Yanatuhusu. Mnamo 2015 Mkenya mwenzetu, Andrew Kaggia, aliyekuwa amekwisha kujulikana kwa filamu yake ya katuni iitwayo Wageuzi, alitoa mchezo wa Nairobi X, ambamo viumbe kutoka anga za mbali wanauvamia mji mkuu wetu na mchezaji analazimika kuukomboa. Nakumbuka jinsi vijana walivyolifurahia wazo hilo. Kwa mara ya kwanza vita vya sayari havikupiganwa New York, bali katika mitaa wanayoijua. Ikiwa hatua hiyo iliwezekana, basi inayofuata inawezekana pia. Mchezo wa aina hiyo ukitungwa tena hapa kwetu, uje na karakana yake, ili mtoto wa Lodwar autunge uvamizi wa Lodwar, na wa Lamu autunge uvamizi unaokuja na maji kujaa katika mji usio na barabara pana za magari. Hakuna kampuni, hata iwe na mamilioni, itakayojua jinsi adui anavyoweza kujificha katika vichochoro vya Lamu kama anavyojua mtoto aliyechezea kibe humo.

Sasa niwageukie walimu, kwa kuwa ninajua wasiwasi wao. Watauliza mtoto atajifunza nini katika kupanga majini ya sayari.

Chukua ramani ya Doom. Imejengwa kwa nukta. Nukta mbili zinaunganishwa kwa mstari. Mistari ikifunga umbo, pale ndani panakuwa chumba, na chumba hicho kinapewa kimo cha sakafu na kimo cha dari. Mlango ni nini? Ni chumba chembamba ambacho dari yake imeshuka mpaka sakafuni, na mchezaji akiugusa, dari inapanda. Lifti ni chumba ambacho sakafu yake inashuka na kupanda. Na kwa sababu injini ile haikuweza kuweka chumba juu ya chumba kingine, aliyetaka jengo lionekane la ghorofa alilazimika kuumiza kichwa na kucheza na vimo ili kulidanganya jicho. Mwalimu wa hisabati anayehangaika kuwaeleza wanafunzi majira ya nukta, pembe na vimo, je, hatamani somo ambalo mwanafunzi akikosea nukta moja ukuta unabomoka mbele ya macho yake?

Baada ya ramani huja masharti. Mchezaji akivuka mstari huu, mlango ule ufungwe. Akiwa na ufunguo wa buluu, mlango ufunguke. Asipokuwa nao, usifunguke. Hiyo ndiyo mantiki iliyo msingi wa uandishi wa programu. Taasisi yetu ya ukuzaji mitaala iliidhinisha mnamo 2022 silabasi ya kufundishia uandishi wa programu katika shule za Kenya. Ni jambo jema. Lakini silabasi ni mifupa, na mtoto anahitaji sababu ya kuamka usiku akawaza. Mvulana wangu alikuwa ameandika masharti 19 katika ukingo wa daftari bila ya kujua kwamba kitu hicho kina silabasi.

Mimi hufundisha Kiswahili, kwa hiyo niruhusiwe kukaa zaidi katika shamba langu. Misheni ni insha. Ina mandhari, ina wahusika, ina mgogoro na suluhisho. Katika michezo ya Marathon sehemu kubwa ya kisa haikusimuliwa kwa picha wala kwa sauti. Mchezaji alikisoma kwenye viwambo vilivyowekwa ukutani. Aliyetaka kuutungia mchezo huo misheni alikuwa na wajibu wa kuandika maneno ambayo mtu mwenye haraka, anayewindwa, atasimama ayasome. Nani kati yetu amewahi kumpa mwanafunzi swali la insha gumu kama hilo?

Isitoshe, kwa muda wa miaka mingi nimewaambia wanafunzi, "Mfikirie msomaji wako." Ninakiri kwamba maneno hayo hayajawahi kuwaingia. Msomaji wa insha ya shuleni ni mimi, nami husoma hadi mwisho hata ikiwa imenichosha, kwa sababu nalipwa kufanya hivyo. Mchezaji halipwi. Ukiandika agizo lisiloeleweka, atapotea katika korido uliyoijenga mwenyewe, na wewe umesimama nyuma ya kiti chake unamwona. Utatamani kumwambia, "Geuka kushoto!" Lakini ukisema umeshindwa, kwa sababu misheni yako haina budi kujisemea. Utarudi ulirekebishe agizo, uweke taa juu ya mlango, umwondoe adui mmoja. Kisha utamwita mwingine ajaribu. Huko ndiko kuhariri, nasi tumekuwa tukikufundisha kwa kalamu nyekundu ilhali kungeweza kufundishwa na rafiki aliyepotea.

Nije kwenye pingamizi, nazo si haba.

Ya kwanza ni damu. Wazazi wanasema michezo hii inawazoesha watoto kuua, na sasa mwalimu anataka watoto watunge mauaji yao wenyewe. Siipuuzi hofu hiyo. Hata hivyo, mtu anayecheza tu hana la kuchagua, kwani hawezi kupita ila kwa kufyatua. Anayetunga ndiye mwenye uwezo wa kuweka njia nyingine. Misheni pekee niliyowahi kuiona ambamo bunduki ni mtego kwa mwenye kuitumia ilikuwa katika daftari nililolinyang'anya. Ikiwa tunataka michezo isiyo na damu nyingi, tusitarajie itoke kwa wanaouza damu.

Ya pili ni ile hofu iliyonipata mimi mwenyewe. Mnamo 2007, katika jimbo la Texas nchini Marekani, mwanafunzi wa shule ya upili aliyetengeneza ramani ya shule yake ili itumike katika Counter-Strike aliondolewa shuleni hapo na kupelekwa kwenye kituo cha nidhamu. Hilo lilitokea majuma machache baada ya mauaji makubwa katika chuo kikuu cha Virginia Tech, na huwezi kuwalaumu watu kwa kuogopa. Lakini woga ni mshauri mbaya asipokuwa na mwenzake. Ndiyo maana nasema karakana iwe na kanuni inayojulikana na wote: pasichorwe shule halisi wala nyumba halisi ya mtu binafsi, na asitiwe mtu aliye hai kuwa shabaha. Kanuni iliyo wazi inamlinda mtoto dhidi ya shuku, kwa kuwa atakayeifuata hatahitaji kujitetea mbele ya naibu wa mwalimu mkuu.

Ya tatu ni umaskini wa vifaa. Karakana za leo za makampuni makubwa, kama ile iliyotolewa mwaka 2023 kwa ajili ya mchezo wa Fortnite, zinahitaji tarakilishi yenye nguvu na mtandao wa kasi. Shule ninayoijua mimi ina tarakilishi kumi na mbili, na tano zinafanya kazi. Lakini ramani za Doom zilichorwa kwa tarakilishi za mwaka 1994, ambazo nguvu zake ni duni kuliko za simu aliyonayo mwalimu yeyote mfukoni. Si lazima karakana yetu ing'ae. Ni heri iwe nyepesi na ifanye kazi.

Ya nne haitajwi sana, nayo ndiyo inayoniudhi zaidi: mali ni ya nani? Mnamo Januari 2020 kampuni ya Blizzard, ilipotoa upya mchezo wake wa Warcraft III, ilitangaza katika kanuni zake kwamba michezo itakayotungwa na wachezaji kwa karakana hiyo ni mali ya kampuni. Msomaji na akumbuke kwamba karakana ya awali ya mchezo huo ndiyo iliyozaa DotA, kazi ya wachezaji ambayo baadaye ilirithiwa na michezo mikubwa ya kampuni nyingine. Blizzard iliona faida imempita, ikafunga mlango. Sisi tusianze kwa kuufunga. Mtoto asiambiwe kwamba amealikwa kuimba, kumbe anavunwa.

Kwa sababu hizo, pendekezo langu kwa watungaji wa michezo nchini nalitaja kwa vipengele, ili asiwepo wa kusema nilipiga domo tu. Kwanza, karakana iandikwe kwa Kiswahili, na kila amri yake iwe neno analolijua mwanafunzi. Pili, faili ya misheni iwe ndogo, iweze kupitishwa kwa simu au kwa diski mweko kutoka shule hadi shule pasipo mtandao. Tatu, misheni iweze kushinda bila ya risasi: pawe na masharti ya kubeba, kuokoa, kutengeneza, kujificha na kusema na watu, si ya kuua peke yake. Nne, jina la mtungaji lionekane misheni inapoanza, na haki ya kazi yake ibaki kuwa yake. Kampuni ikitaka kuiuza, ipatane naye, na ikiwa yeye ni mtoto, ipatane na mzazi wake. Tano, pawe na wasomaji wa misheni kama walivyo wahariri wa gazeti, wakiwemo walimu, watakaoikataa iliyovunja kanuni na kumweleza mtungaji sababu.

Na kwa walimu wenzangu: tunayo maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule, tunayo tamasha ya drama, tunayo ya muziki. Mwanafunzi aliyetunga misheni asimame katika mojawapo ya majukwaa hayo, mwamuzi aketi, aicheze mbele ya watu, na apotee kwenye korido za mtoto wa miaka 15. Tutakuwa tumeirudisha ile zamu aliyoijua bibi.

Wala tusingoje mpaka karakana ije ndipo tuanze. Karatasi yenye mirabamiraba na penseli inatosha. Muhula uliopita niliwaagiza wanafunzi wangu wachore misheni wawili wawili, waandike maagizo yake kwa Kiswahili sanifu, kisha wabadilishane na kundi jingine wacheze kwa kidole. Nilisahihisha sarufi, nao wakasahihishana mengine yote. Nimesahihisha mirundo mingi ya insha katika maisha yangu, lakini sijawahi kusikia kelele kama zile kuhusu agizo ambalo halikueleweka.

Yule mvulana sasa yu katika kidato cha nne, na mtihani unamkabili. Majuzi nilimsimamisha kwenye ukumbi nikamwuliza kama daftari lile bado analo. Alisema analo, lakini ameacha kuchora. Nilipomwuliza sababu alisema, kwa adabu, kwamba aliichezesha misheni yake kwa mdomo mpaka marafiki wote wakaijua, na hapakuwa na mahali pengine pa kuipeleka. Nilimwomba radhi kwa zile siku tatu. Akacheka, akasema, "Haidhuru, mwalimu."

Inadhuru. Mtoto wetu alisimama akasema, "Kitendawili!" na sisi, walimu na watunga michezo kwa pamoja, hatukuitikia. Ninaandika haya nikitumaini kwamba miongoni mwa wanaonisoma yumo kijana aliyemaliza chuo, anayejua kuandika programu na anatafuta kitu cha kufanya. Kijana huyo asijisumbue kututungia misheni mia. Atutungie kumi nzuri, kisha atupe na karakana. Zilizobaki tutazitunga sisi.